Térence, chaneli ya sita

Jumamosi moja ya Aprili 1998, saa mbili asubuhi, Adija alifika kwenye uwanja mmoja wa mtaa wa Kinama, Bujumbura, na mikseri yake ya chaneli nane, spika mbili na jenereta. Alikuwa fundi wa sauti wa Buyenzi, mwanamke wa miaka arobaini, na alikuwa amekwisha kupazia sauti maulidi, arusi na mikutano mingi hata akaweza kumtambua mtu kwa besi yake kabla hajamwona uso. Siku hiyo ilikutana kamati ya amani ya mtaa. Mwenyekiti wao, Bwana Sylvère, angehutubia saa nne.

Akaanza kupima. Kipaza sauti cha mwenyekiti alikichomeka chaneli ya kwanza, cha mshereheshaji ya pili, vya kwaya ya tatu na ya nne. Zilizobaki aliziacha tupu. Taa ya chaneli ya sita ikawaka kijani, kisha nyekundu. Adija akavaa hedifoni. Mwanamume alikuwa anakohoa.

Akapunguza nguvu ya sauti inayoingia mpaka taa nyekundu ikazimika, akamwomba mtu huyo ahesabu kwa sauti ileile atakayosema nayo mbele ya watu. Mtu akahesabu kwa Kirundi, rimwe, kabiri, gatatu, bila haraka. Alipoulizwa jina akasema ni Térence, seremala, aliyekamatwa kwenye kizuizi cha barabarani miaka mitatu iliyopita akitoka kununua gundi. Adija alimfahamu mkewe. Ernestine alikuwa amekwisha fika, amekaa safu ya tatu, mwavuli mapajani.

Sauti ilikuwa nzito mno, kama ya mtu aliyefunikwa na udongo, na ndivyo ilivyokuwa. Adija akakata besi. Katikati kukabaki mvumo wa pipa, akaupunguza kidogo kidogo, akisikiliza macho yamefumbwa. Mwisho akapandisha zile sauti nyembamba ili majina yasikike. Majina ndiyo yanayopotea kwanza kwenye spika, kwa sababu watu huyasema mbiombio. Alipomaliza, Térence alisikika kama mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwake.

Mshereheshaji, kijana anayeitwa Mawazo, akaja akaweka sikio kwenye hedifoni. Akasema huyo hayumo kwenye ratiba, chaneli ifungwe.

"Apana," Adija alisema. "Mwenye kuongea hapa, mi namupatia sauti yake. Ratiba ni yako. Sauti ni yangu."

Mawazo akaenda kuongeza mstari kwenye karatasi.

Baada ya kwaya, Adija alisukuma kitelezi cha chaneli ya sita mpaka usawa wa vingine. Spika hazikupiga mlio. Watu wapatao mia tatu waligeukia spika.

"Mi niko nyuma ya tanuri ya matofali, upande wa mto," Térence alisema. "Tuko saba. Sylvère ndiye alisimamisha gari, alikuwa na liste ya majina mukononi. Ernestine, patasi zangu ziko kwa jirani Astère. Uende uzichukue, zisishike kutu."

Kisha akakohoa, akawa amemaliza. Sylvère alikuwa ameketi mbele, miguu ameikunja. Alisubiri mpaka mtu wa mwisho aliyegeuka kumtazama akageuka tena. Akapanda jukwaani. Adija alimpangia sauti yake kwa uangalifu uleule, kwa kuwa alikuwa na sauti ya puani iliyohitaji kulainishwa. Sylvère akamshukuru msemaji aliyetangulia kwa kusema kwa ufupi, akaeleza kwa nusu saa kwamba amani inataka uvumilivu. Watu walipiga makofi yale ya kawaida.

Ernestine alikuja kwenye meza wakati Adija anakunja nyaya. Alisema amemsikia vizuri, hata kikohozi ni chake. Kwa Astère alikwenda siku hiyohiyo, akapata patasi nne, moja ina kutu.

Jumatatu alikwenda ofisi ya mtaa kuomba ruhusa ya kuchimba nyuma ya tanuri. Aliambiwa barua isainiwe na mwenyekiti wa kamati ya amani. Sylvère alimpokea kwa adabu, akampa kiti. Alisema hakatai, ila sheria inataka shahidi mwenye karte ya utambulisho, na ya Térence ilikwisha muda wake. Ernestine aliuliza kama Sylvère mwenyewe hawezi kuwa shahidi. Sylvère akafikiri, akasema hapana, itakuwa upendeleo.

Alirudi Mei, akarudi Juni. Kila alipotoka huko alipita kwa Adija, mchana, akavaa hedifoni na kumweleza mumewe walipofikia. Térence alimwambia aombe tena, naye alisema ndiyo nia yake.

Kamati iliendelea kumkodi Adija, kwa sababu hakuna aliyempita kwa kazi safi. Katika ratiba ya Julai jina lilikuwa limepigwa chapa kama mengine: Térence, dakika tano. Sylvère, mwenyekiti, dakika thelathini.