Tao la Viti

Alhamisi, tarehe 12 Juni 1879, saa nne asubuhi, tao la viti lilimwangukia mke wangu, Keziah.

Hapa Wycombe, mji wetu wa Uingereza wa mafundi viti, mkubwa akija kututembelea, tunafunga viti kwa kamba, kimoja juu ya kingine, mpaka viungane kuwa tao juu ya barabara naye apite chini yake. Viti vyepesi, vya mbao za msitu wetu. Hilo hata mtoto anayenyonya analijua. Lakini safari ile Bwana Pettifer, mwenye karakana, alitaka lodi aliyekuwa anatutembelea aone viti vyake sita vya mahogani, vya kuegemeza mikono. Nilivichonga mimi: makombe ya baharini, majani yaliyojikunja, madoido ya kale ambayo matajiri wameyafufua. Kukibeba kimoja tu mtu anatokwa jasho.

Nikamwambia msimamizi, Jabez Stallwood, kwamba kamba hazitahimili. Akacheka.

"Wewe chonga maua, Reuben. Kufikiri waachie wenye kofia ndefu."

Vikapandishwa kileleni mwa tao.

Keziah ndiye aliyevisugua vikang'aa, basi akasimama chini kuvitazama. Nilisikia kamba ikikatika. Kiti cha kwanza kilimpiga begani, akapiga magoti. Cha pili kilimpasua kichwa. Nilipomfikia alikuwa amekwisha, damu imejaa kwenye mifereji ya majani niliyoyachonga.

Stallwood akaja mbio. Hakumtazama marehemu. Aliinama akapapasa mkono wa kiti uliovunjika.

"Masikini, kiti cha Bwana."

Nikamnyang'anya kipande kile nikampiga nacho mdomoni. Meno yakamtoka. Nikampiga tena, taya likalegea. Wenzangu wakavunja madirisha ya karakana, polisi wakatushukia na virungu, mbavu zangu mbili zikavunjika. Lodi alipitishwa njia nyingine, na nasikia nyama ya kondoo ya karamu yake aliila vizuri tu.

Kesho yake mchunguzi wa vifo alikichunguza kifo kile kilabuni, kama ilivyo desturi yetu, kwa nusu saa. Mimi nilipelekwa na pingu. Pettifer akasema hakumbuki kutoa amri yoyote. Stallwood, taya limefungwa kitambaa, akatikisa kichwa tu. Wakaandika ni ajali. Mimi ndiye niliyefungwa baadaye kwa kumpiga Stallwood, miezi tisa.

Siku ile kilabuni, mchunguzi alikuwa tayari anakusanya karatasi zake nilipomwuliza:

"Mheshimiwa, kwa hiyo viti vile vilipanda vyenyewe?"