Taa Sita za Mkandarasi

Jumatatu saa tatu asubuhi fundi alikuwa amelala chali chini ya gari la mkandarasi, miguu nje, tochi mdomoni, akitafuta pa kupitishia waya. Kazi aliyopewa ilikuwa ndefu: taa nne juu ya paa, mbili kwenye bampa, winchi mbele, friji ndogo nyuma, na redio ya mawasiliano kwenye dashibodi. Gari lenyewe lilikuwa la kupanda milima, matairi yanamfika mtu kiunoni. Bampa lilikuwa jipya, bado lina karatasi ya dukani.

Watu walimwita fundi huyu Fyuzi Nzito, kwa kuwa hakukatika upesi. Mteja angemfokea mpaka mate yakamrukia, naye angeendelea kumenya waya.

Nyuma ya bampa, mahali chuma cha gari lenyewe kilipokwanguka rangi, aliona kitambaa kimebanwa na boliti. Kilikuwa cha rangi ya machungwa, chenye mstari wa kung'aa, kipana kama kiganja. Alikichomoa taratibu kwa bisibisi, akakigeuza. Kilikuwa kipande cha kizibao cha wafanyakazi wa barabara, na pindo lake lilishonwa upya kwa uzi wa bluu. Mkono ulioshona alikuwa akiujua. Ulikuwa wa shemeji yake, mke wa mdogo wake.

Mdogo wake Fyuzi alikuwa kibarua wa mkandarasi huyohuyo. Miaka tisa aliziba mashimo ya barabara ya kwenda mlimani kwa beleshi na mkokoteni, na mashimo yale aliyajua kama mtu ajuavyo meno yake kwa ulimi. Miezi minne iliyopita aligongwa akiwa kazini, mchana kweupe, na gari lililomgonga halikusimama. Polisi waliandika kwamba gari halijulikani. Mkandarasi alituma rambirambi kwa barua yenye mhuri.

Fyuzi alikikunja kitambaa, akakitia mfukoni, akarudi chini ya gari. Alipanga rilei za kuwashia taa karibu na betri, kila taa na fyuzi yake, akazivuta nyaya ndani ya mpira ili zisikwaruzwe na chuma. Waya wa hasi aliufunga palepale rangi ilipokwanguka, kwa kuwa palikuwa pameshakuwa peupe na hapakuhitaji msasa.

Saa kumi alasiri aliteremsha mlango wa gereji apate kuuona mwanga, akabonyeza swichi. Taa zote sita ziliwaka. Hatua kumi mbele ya gari alisimama mdogo wake, ameligeuzia gari mgongo, beleshi begani, kizibao kimenyofoka pindo la kushoto.

Fyuzi alizima. Ukutani ilibaki kalenda ya mwaka juzi. Akawasha, mdogo wake yupo. Akapima umeme kwa mita: volti kumi na mbili na nukta sita, hakuna kasoro. Akawasha taa za kawaida za gari peke yake, hayupo. Akaufungua ule waya wa hasi, akaupeleka moja kwa moja kwenye betri. Taa zikawaka vizuri tu, na mbele yake pakawa patupu. Akaurudisha pa mwanzo, na mdogo wake akarudi.

Mpiga rangi wa gereji alikuwa akipita na kopo lake.

"Huyo si mdogo wako?" aliuliza.

"Ndiye."

"Amekonda," alisema mpiga rangi, akaenda zake.

Kesho yake Fyuzi aliwaleta mama yake na shemeji yake. Mama alivuta kigoda, akaketi kando ya tairi, akampa mwanawe habari za nyumbani: paa la jikoni bado linavuja, jirani amehama, na mtoto aliyemwacha mchanga ameota meno mawili ya chini. Alimkumbusha achomekee shati. Mwanawe hakugeuka. Shemeji hakuketi. Alimzunguka mumewe apate kumwona uso, lakini kila alikotokea alikuta mgongo. Alizunguka mara nne, kisha akasimama.

"Mume wangu," alisema, "nani alikugonga?"

Mumewe alilishusha beleshi, akalishika kwa ncha, na kwa mpini wake akaonyesha nyuma juu ya bega bila kugeuka. Mpini ulilielekea bampa, katikati kabisa.

Jumatano Fyuzi alimwita afande wa kituo. Afande alikuja na daftari lake. Alivua kofia kidogo kwa heshima ya marehemu, akamuuliza swali lilelile, akajibiwa vilevile. Daftari hakulifungua. Alieleza kwa upole kwamba shahidi lazima afike kituoni kwa miguu yake na aweke sahihi. Fyuzi akajitolea kulipeleka gari mpaka kituoni, taa zikiwaka. Afande akasema gari hilo si kielelezo, ni mali ya mtu, na mali ya mtu haipelekwi kituoni bila idhini ya mwenyewe.

"Lakini afande, umemwona."

"Nimemwona," alisema afande. "Ila kumwona ni jambo moja, faili ni jambo jingine. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe."

Kitambaa alikipokea. Kituoni alikitia kwenye droo, juu ya vitambaa vingine.

Jumamosi mkandarasi alikuja kuchukua gari lake. Alipanda, akawasha taa, akatazama mbele kwa muda. Aliuliza kama mtu yule yumo katika taa zote sita au za bampa tu. Fyuzi akasema zote. Mkandarasi akamwambia amtoe. Fyuzi akajibu kwamba hatoki, labda nyaya zote zing'olewe na kazi ianze upya. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mteja katika miaka ishirini, na aliusema bila kupepesa macho. Alitaka mgongo ule uwe mbele ya mtu huyu katika kila kona na kila mteremko, mpaka chakula kimshinde, mpaka aende mwenyewe kituoni akaombe kufunguliwa faili. Mkandarasi alijikuna kidevu, akasema ana safari, akaondoka.

Fyuzi alisubiri. Wiki ya tatu gari likarudi, na mkandarasi akateremka amenawiri, mashavu yanang'aa. Alisema mara ya kwanza yule mtu alimkera, lakini safari ya pili aligundua kitu. Mtu yule huyakwepa mashimo yote. Ukizifuata nyayo zake hata chai haimwagiki. Tangu hapo hajavunja springi hata moja, na mlimani anafika saa mbili kabla ya wenzake. Kwa vile barabara sasa inapitika, vibarua wa kuziba mashimo amewarudisha makwao.

"Kosa lake ni moja," alisema. "Anatembea taratibu mno. Nifungie honi kubwa, fundi."

Fyuzi alisema vifaa atakuwa navyo kesho. Alienda nyumbani akaweka jambo mezani: kuuhamisha ule waya ni kazi ya boliti moja, na mdogo wake atakuwa huru.

"Mtoe, shemeji," alisema mke wa marehemu. "Barabara ile aliitumikia akiwa hai. Inatosha."

Mama alisema kwamba kila Alhamisi magharibi huchukua kigoda chake akaketi kando ya barabara, na mwanawe hupita mbele ya taa zile. Huona mabega yake. Huona anavyotembea.

"Ukiuhamisha waya huo, baba," alisema, "mimi nitamwona wapi?"

Shemeji aliinuka akaenda kuosha vyombo, ingawa vilikuwa vimeshaoshwa.

Kesho yake Fyuzi alifunga honi ya mabomba mawili, yenye mashine yake ya kusukuma upepo. Waya wa hasi hakuugusa. Alipomaliza, mkandarasi akiwa amesimama kando yake, aliwasha taa, akabonyeza honi. Mdogo wake alishtuka mabega, akaruka hatua mbili kushoto, akakaza mwendo palepale aliposimama, kama mtu aliyesikia gari nyuma yake na akapata nafasi. Siku ile aliyogongwa hakuna aliyepiga honi. Fyuzi aliendelea kubonyeza kupita kiasi cha majaribio, na mdogo wake akaendelea kukwepa.

"Umeona?" alisema mkandarasi kwa furaha. "Anasikia."

Honi ile husikika mbali. Siku hizi mama hana haja ya kukaa barabarani tangu alasiri. Akiisikia ikilia kilimani hupata muda wa kuepua sufuria, kuvaa viatu na kufika kando ya njia kabla ya taa. Mwanawe hupita mbio, jasho limemlowesha mgongo. Nyuma yake mkandarasi humpungia mama mkono kupitia dirishani. Mama haitikii, kwa sababu macho yake yameshatangulia mbele ya gari. Mkandarasi amemwambia Fyuzi kwamba yeye hachukii. Wazee husahau adabu.