Tonge Lisilotafunwa

Miaka kumi na minne Yamanappa aliilinda roho yake kwa ulimi. Alitoroka kwao Bijapur, kaskazini, ndevu hazijaota, baada ya kumuua baba yake mkubwa kwa shoka katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Huku Mandya aliitwa Ningegowda, mkoroga sukari guru, na Kikannada chake, lugha ya nchi ile, kilikuwa cha kusini kitupu, hata mkewe hakujua kama anacho kingine.

Mchana mmoja wakaja wawili, mapanga viunoni: Gurappa na Siddanna, watoto wa marehemu. Lafudhi yao ilitosha kuwatambulisha.

"Tunamtafuta mtu wa kwetu," alisema Gurappa. "Wewe bwana, mwenyeji wa wapi?"

"Hapa hapa. Kitovu changu kimezikwa nyuma ya tanuri hilo."

Gurappa akamkazia macho. Javaregowda, mwenye kiwanda, akawakaribisha ugali wa wimbi pale pale kando ya makarai ya kuchemshia maji ya miwa. Watu wa kusini ugali huo hawautafuni, tonge humezwa zima. Yamanappa akameza moja, akameza la pili. Gurappa akaridhika, akageukia sahani yake. Siddanna, aliyekulia mkate wa mtama, akatafuna mpaka meno yakanatana.

"Mtazameni ng'ombe anavyocheua!" Javaregowda akacheka. "Na mnavyobweka hivyo, mama yenu aliwazaa au aliwaokota jalalani?"

Kutukaniwa mama! Siddanna akamvunja pua kwa ngumi. Javaregowda, damu zikimchuruzika, akamsukuma kwa mti wa kukorogea, Siddanna akaangukia karai lililokuwa likichemka, mkono mzima ukazama mpaka begani.

"Yavva!" akapiga yowe. "Yavva, nakufa!"

Hivyo ndivyo watoto wa Bijapur wanavyomwita mama, na Yamanappa hakuwa amelisikia neno hilo tangu amwache wake mlangoni. Mjinga yule, Mungu amrehemu, hakufikiri. Alimkumbatia akamvuta nje, ngozi ikimbakia viganjani.

"Tulia, mdogo wangu. Nimekushika, siachi," akamwambia, kwa Kikannada cha kwao, kama aliyeondoka jana.

Gurappa alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kumbe upo, Yamanappa," alisema taratibu, akashusha panga shingoni.

Ilibidi wamfumbue maiti vidole kimoja kimoja, ndipo wakamtoa Siddanna.