Nakala ya Saa Nane Mchana

Fundi alikuwa na miezi minane ya kujipiga kifua kuhusu kompyuta ya Linux aliyoifunga sebuleni kwa dada yake. Kila siku saa nane kamili mchana, bila kuguswa na mtu, ilituma nakala ya folda ya sauti kwenye seva ya mbali, ikahakikisha kule kunafanana na huku. Kilichoongezwa huku kiliongezwa kule. Kilichofutwa huku kilifutwa kule. Aliiamuru hata imwandikie kwenye simu nusu saa kabla, imweleze itakachofanya. Bingwa wetu huyo.

Siku hiyo alikuwa mji mwingine, mwendo wa saa tatu, juu ya ngazi, akipitisha nyaya kwenye dari ya ofisi ya watu. Ujumbe ukaingia: "Faili 212 zitafutwa."

Mia mbili na kumi na mbili zilikuwa ndizo zote. Dada alizirekodi wiki ya mwisho kabla hajapasuliwa koo na kupoteza sauti: hadithi za kumlaza binti yake, nyimbo, hata karipio la viatu vilivyoachwa mlangoni. Duniani hazikuwepo kwingine.

Dakika ishirini alijaribu kuizuia kutoka pale, hakuweza. Milango yote ya kuingilia kompyuta ile kwa mbali aliifunga mwenyewe kwa ajili ya usalama, na ufunguo wa seva ulikaa ndani ya kompyuta ileile. Kwa ujuzi wake wote, alikuwa amejifungia nje. Akapiga simu nyumbani.

Dada akapokea. Kwenye simu yeye hugonga kwa ukucha: mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

"Dada, sauti zako zimefutwa. Chomoa waya wa kompyuta, haraka, kabla ya saa nane."

Mara mbili.

"Hujanielewa. Ukichomoa, nakala ya kule itapona."

Mara mbili.

"Ni mtoto kachezea?"

Mara mbili.

"Shemeji?"

Mara mbili. Fundi akashuka ngazi.

"Ni wewe?"

Mara moja.

Saa ya ukutani ilionyesha nane kasoro dakika tisa. Alitaka kukasirika, hata hilo likamshinda. Ungembembelezaje mtu ambaye hawezi kukupa sababu? Ilibidi amtafutie sababu mwenyewe, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu funguo gizani. Zinakuumiza ukizisikia? Hapana. Daktari kasema kitu? Hapana. Ndipo akamkumbuka mpwa wake, jinsi alivyomkuta jioni moja na spika sikioni, kampa mgongo mama yake aliyekaa kitanda hichohicho, mikono mapajani.

"Mtoto anaisikiliza sauti ile," akasema polepole, "na wewe hakutazami?"

Kisha mara moja, kwa mbali.

"Nitazificha, dada. Hatazisikia mpaka akue. Chomoa tu waya, nakuomba."

Mara mbili.

Akaomba tena, akaapa, akalitaja jina la marehemu mama yao. Dada hakukata simu wala hakugonga. Saa nane ilipofika, simu ikatetemeka shavuni mwa Fundi, ujumbe umeingia: "Kazi imekamilika bila hitilafu."

Fundi akakaa sakafuni katikati ya vipande vya waya. Alilia, na hakujali waliomwona.

"Dada," akasema mwishowe, "bado upo?"

Ukucha ukagonga mara moja.