Napanda

Jumamosi saa nne asubuhi mshonaji alifuta meza ya chakula kwa kitambaa chenye sabuni, akaikausha, akapanga viti vinne. Kaka zake wawili walikuwa wameshafika. Kaka mkubwa, mkaguzi wa mizani, alikuwa akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, anasikiliza kama tofali bado zima. Kaka wa pili, muuza vipuri vya magari, alikuwa amefungua friji na kusimama mbele yake kama mteja anayesubiri kuhudumiwa.

Mama yao alikuwa na miezi mitatu kaburini. Nyumba aliwaachia wote watatu bila maandishi yoyote, na katika familia ile jambo lisilo na maandishi liliamuliwa kwa poka. Ndivyo alivyowalea: nani aoshe vyombo, nani alale upande wa dirisha, nani abaki na baba hospitalini. Aliyeshinda ameshinda, na kununa ni marufuku.

Mshonaji, binti pekee, ndiye aliyebaki na mama. Kwa miaka tisa alimgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko, na cherehani akaiweka mlangoni pa chumba ili asikie akiitwa. Hakuwa na pengine pa kulala. Kaka zake kila mmoja alikuwa na nyumba yake, na hii walitaka kuiuza. Walilisema hilo wazi, mdomo haukuwawia mzito hata kidogo.

Mjomba wao, refa mstaafu wa mpira, ndiye aliyesimamia. Aligawa funguo zote za nyumba, za vyumba, makabati, geti na tangi la maji, sita kwa kila mtu. Hizo ndizo dau. Mchezo ungekuwa mmoja tu, hakuna marudiano.

Karata zilipogawiwa, mshonaji alishika malkia wawili. Akabadilisha karata tatu, na wakaja malkia wengine wawili pamoja na saba ya shupaza; malkia wanne ni nadra kushindwa. Moyo ulimlipuka, lakini uso aliukunja kidogo, kama mtu aliyekumbuka nguo zake ziko kwenye kamba na mawingu yanakuja. Mama alimfundisha hivyo kwenye meza hiyohiyo. “Ukiwa na karata nzuri na wenzako wamekuja juu, usishindane nao kwa kelele. Sema ‘nipo’, basi. Waache wapande.”

“Napanda,” alisema kaka mkubwa, akaweka ufunguo wa jiko.

Kiti chake kikainuka kutoka sakafuni kiasi cha shubiri moja, kikatulia hewani. Mjomba alisogeza meza kidogo ili goti la mpwa wake lisinase.

“Napanda,” alisema kaka wa pili, akaweka funguo mbili kwa mkupuo, na kiti chake kikapita cha mwenzake.

“Nipo,” alisema mshonaji, naye akaweka mbili, kiti chake kikabaki sakafuni.

Wakaendelea hivyo. Kila mmoja alipopanda, mwingine alipanda zaidi, na viti viliitikia. Maneno nayo yalikuja.

“Mdogo wangu, toka mapema,” kaka mkubwa alisema, viatu vyake vikiwa sawa na uso wa dada yake. “Nyumba hii ina nyufa. Utaikarabati kwa kushona vifungo?”

“Anatutishia huyu,” kaka wa pili alidakia kutoka juu. “Hana kitu mkononi. Namjua tangu anatambaa.”

“Nipo,” alisema mshonaji. Alikuwa na furaha. Tangu msiba hakuwahi kutaka kucheka, na sasa ilimbidi aume shavu kwa ndani. Ufunguo wa mwisho wa kaka wa pili ulipodondoka kutoka juu ukakosa meza, aliinama akauokota, akamwekea mezani.

Dau lilipokamilika, kaka mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa kwa sababu ya dari, na kaka wa pili ameshikilia waya wa taa.

“Fungueni,” alisema mjomba.

Kaka wa pili aliachia karata zake zikapeperuka hadi chini: ree moja na uchafu mtupu. Kaka mkubwa alizigeuza zake, wote wakaziona: jozi mbili, za tisa na za nne. Mshonaji akawalaza malkia wake mezani mmoja mmoja, taratibu.

“Ni nini hizo?” aliuliza kaka mkubwa.

“Malkia wanne, kaka.”

“Sizioni.”

“Hata mimi,” alisema kaka wa pili. “Kutoka huku ni rangirangi tu.”

Mshonaji alisimama, akaziinua juu kadiri mkono ulivyofika. Kaka mkubwa alikuwa akichunguza kona ya dari. Kaka wa pili alisema mwanga unamuumiza macho.

“Basi shukeni mwone!”

“Dau likishapanda halirudishwi,” alisema mjomba. “Watashukaje?”

“Nikalete ngazi?”

“Ukiondoka mezani umejitoa, mwanangu.” Mjomba alijikuna shingo. “Mimi nimeziona. Malkia wanne, sina shaka nao. Lakini mimi si mchezaji, na mama yako alisema karata isiyoonwa na wachezaji wote haihesabiki.”

Ni kweli mama alisema. Aliiweka kanuni hiyo kwa ajili ya kaka wa pili, aliyekuwa akificha karata kwenye soksi. Mjomba alipuliza filimbi kidogo, kwa mazoea, akasukuma funguo zote kumi na nane upande wa kaka mkubwa, mwenye jozi mbili. Mshonaji alihisi uchungu ukimpanda, na hata neno lenyewe, kupanda, alilichukia.

Jumatatu dalali alikuja na mnunuzi. Walipima sebule kwa futi ya utepe, wakizunguka vivuli vya wale wawili. Mnunuzi aliuliza kama viti vya juu vinauzwa pamoja na nyumba. Karatasi za mauzo zilipandishwa kwa mpini wa ufagio, zikatiwa saini hukohuko, zikateremshwa. Wabebaji waliitoa cherehani nje, wakaiegemeza getini.

“Mdogo wangu,” kaka mkubwa aliita, kwa sauti ya upole kabisa, “kabla hujaenda, tupatie chai.”

Mikono ya mshonaji ilikuwa na mazoea ya miaka tisa. Alichemsha maji, akaleta vikombe viwili, akaviweka mezani, kando ya malkia wanne ambao hakuna aliyejisumbua kuwaokota. Kaka mkubwa aliinama kutoka darini, akatazama chini kwa makini.

“Hicho cha kulia kina ufa mdomoni,” alisema. “Mwembamba, kama unywele. Nibadilishie.”

Mshonaji alikichukua kikombe, akakisogeza dirishani, akakigeuza mara mbili ndipo akauona. Akambadilishia.