Kitengo cha Plazma Kilivyokufa Nyumbani Kwangu

Wenzangu wenye watoto wanaosoma, nnayaandika haya msije mkafanya kama nilivyofanya mimi. Shule niliishia darasa la sita, kwa hivyo nikikosea mambo ya sayansi mnisamehe. Ya nyumba yangu siyakosei.

Mwaka 1967 Mwalimu Msabah, aliyekuwa akimsomesha mwanangu Wanu fizikia, alianzisha jumuiya ya wapenda sayansi. Walikuwa watu kumi na mmoja, wakagawana vitengo: wengine nyota, wengine dawa za miti, Wanu na mwalimu wake wakachukua plazma. Nikauliza plazma ni maradhi gani. Wanu alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, ni hewa tu! Ukiipunguza ndani ya mrija wa gilasi, ukaitia umeme mkali, inawaka bila ya moto. Hata hilo jua ni plazma."

"Basi kalitazame hilo la bure."

Lakini Mwalimu akaja mwenyewe kuniomba chumba cha juu, hapa kwetu Mkunazini. Mtoto wa kike na mwalimu mwanamme, chumba kimoja? Nikakubali kwa sharti: mlango wazi, na mimi nikae mlangoni na ushoni wangu wa kofia. Akasema, "Bi Mwatum, basi na wewe ni mwanachama." Nikamwambia asinitie katika orodha yake. Siku zile jina lako likiandikwa mahali usipopajua, usingizi unakwisha.

Wakaleta koili ya gari, betri, na pampu waliyoitoa katika friji bovu. Miezi minane hawakupata kitu ila harufu ya cheche. Ramadhani ya mwaka ule ule, tumeshafuturu, mrija ukawaka rangi ya zambarau, umetulia kama maji. Mwalimu mzima alipiga vigelegele, nikamwambia hiyo kazi ni yetu sisi wanawake. Tangu siku ile kila kitu kikaandikwa katika daftari moja la jalada jeusi: siku, hewa kiasi gani, rangi gani. Daftari lile halikutoka chumbani.

Sasa mjue kosa lao. Ile koili ikipiga cheche, redio za karibu zinakoroma. Wao walikuwa wanajua, ndiyo maana wakifanya kazi saa ambazo watu hawasikilizi. Siku moja ya Januari 1969 kulikuwa na mkutano mkubwa wa hadhara, hotuba inatangazwa. Mwalimu akasema, "Leo mtaa mtupu, wote wako mkutanoni." Mwanamme huyo! Hakufikiri kwamba wenye watoto wachanga, wagonjwa na vikongwe wamebaki majumbani, na kila mmoja amefungua redio mpaka mwisho.

Wakawasha. Jirani yangu Bi Mwanakheir akanipigia kelele dirishani.

"We Mwatum! Redio yako nayo inakoroma?"

"Yangu sijaifungua."

"Basi ifungue usikie! Kama ng'ombe anachinjwa!"

Wakazima, ikanyamaza. Wakawasha, ikakoroma. Chini njiani nikasikia sauti ya mwanamme: "Huu mtambo. Kuna mtu humu anapeleka habari nje."

Wenzangu, mnajua neno kama hilo humpeleka mtu wapi. Sikuwa na hofu nyengine duniani ila hiyo moja: mwanangu asichukuliwe.

Mwalimu naye alisikia. Akazima, akajifuta jasho. "Tusingoje kuja kuulizwa. Nnakwenda kwa Bwana Mjaka, mjumbe wa mtaa. Aje aone kwa macho yake. Wanu, twende, wewe ndiye uliyeandika daftari, umweleze."

"Si tulichukue hilo daftari?" Wanu akauliza.

"Liache hapo na vyombo. Atakuta kila kitu pamoja."

Wakashuka. Nikabaki peke yangu na ule mrija. Nikawaza: mjumbe akija akakuta hivi, ushahidi si huu hapa? Nikauvunja mrija kwa mchi, vigae nikavitia katika pipa la taka. Daftari nikaliweka juu ya makaa ya jikoni. Lilikuwa nene, nikalichana vipande viwili liungue upesi. Sikulifungua kusoma hata ukurasa mmoja.

Betri na pampu zilinishinda uzito, nikazifunika kanga pamoja na koili na nyaya zake.

Bwana Mjaka akaingia, nyuma yake Mwalimu na Wanu. Akanusa moshi. Akafunua kanga, akakuta koili, nyaya, betri, na pampu imeelekea ukutani.

"Mwalimu, hiyo taa uliyonambia iko wapi? Na daftari?"

Mwalimu akanitazama. Wanu akanitazama.

"Nimechoma," nikasema. "Ni karatasi tu za masomo."

"Bi Mwatum, kama ni masomo, umechomea nini?"

Bila ya mrija, bila ya daftari, kilichobaki pale hata mimi nilikiona ni mtambo. Bwana Mjaka akasema, si kwa ukali, kwamba sasa hana budi kupeleka habari mbele. Magharibi wakaja watu wawili na gari. Wanu akauliza kama avae viatu. Wakawachukua yeye na Mwalimu.

Siku tatu. Chakula nilichopeleka kituoni kilirudi hakijaguswa. Siku ya pili nilikwenda jaani kuokota vigae, nikampelekea Bwana Mjaka, vidole vinachuruzika damu. Aliridhika, akanifuata tukaenda pamoja kuwaeleza kwamba ilikuwa taa ya masomo tu. Sijui kama ndicho kilichosaidia.

Wanu alirudi Alkhamisi, mzima. Mwalimu alihamishiwa skuli ya shamba, mbali, na wale wanachama wengine wakaacha hata kusalimiana njiani. Jumuiya ikaisha hivyo, bila ya mtu kuifunga.

Usiku ule aliorudi, Wanu hakulia wala hakunigombeza. Alikula, akanawa mikono, akasema:

"Mama, humo daftarini tuliandika kila siku redio zilizokoroma, za nyumba gani, na kwa nini. Mwalimu angemfungulia tu Bwana Mjaka asome. Kilikuwa Kiswahili, mama. Na wewe unajua kusoma."

Mwaka wa tatu huu. Anasomesha hesabu watoto wadogo, ananiamkia kila asubuhi kwa adabu zote, na chumba cha juu hapandi. Wenzangu, mtoto akiwa na jambo msilolijua, lifungueni mlisome kwanza. Ikiwa mtaogopa, ogopeni mshasoma.