Bibi Lụa Arudi Jikoni

Asubuhi ya kumbukumbu ya kifo cha mama mkwe wake, Nhài alikaza kitambaa juu ya chungu cha maji yanayochemka. Akamimina upawa wa uji wa mchele, akautandaza kwa mgongo wa upawa na kufunika. Utando ulipoiva aliubandua kwa ujiti wa mwanzi, akautia nyama ya kusaga na uyoga mweusi, akaukunja. Bánh cuốn, ndilo jina la utando huo uliokunjwa, haimsubiri mtu. Ikipoa hugeuka mpira. Ndiyo maana mpishi huwa hakai na wenzake. Hula zilizochanika, amechuchumaa, wageni wakishaondoka.

Mwaka huu mumewe, Khoản, alimwahidi kwamba atakaa sebuleni ale za moto kama watu. Nhài alivaa blauzi yake ya hariri. Khoản hakuwa amefikiria nani atapika.

Sebuleni, sinia la marehemu liliwekwa chini ya picha yake, uvumba ukawashwa ili ale kwanza, wengine wasubiri uishe. Marehemu, Bibi Lụa, aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua kandambili, akachungulia chungu.

"Mwanangu, huu utando au blanketi?"

"Shikamoo, Mama. Mchele wa mwaka huu mbaya."

"Mchele hauna kosa. Mkono wako ndio una haraka. Lete upawa."

"Sinia lako liko sebuleni, Mama."

"Tangu lini mimi nikala sebuleni? Hata pa kuweka magoti sijui. Nenda wewe ukakae. Na ufute huo unga puani, wasije wakadhani umekuja kuuza."

Uvumba ulipoisha Nhài alikwenda. Wanaume walisogea kidogo kwenye mkeka.

"Leo shemeji umetutembelea," alisema Bính, mdogo wake Khoản. "Jikoni kuna nani?"

"Mama."

Bính akatazama picha. Ndani yake mama hakuwamo, ulibaki ukuta tu na kiti kitupu. Akachukua bánh cuốn nyingine.

"Ndiyo maana hizi nyembamba," alisema.

Nhài alichovya yake kwenye sosi ya samaki, akala. Ilimuunguza ulimi, naye akafurahi kuungua.

"Mama, pilipili!" Bính aliita.

"Naja," Bibi Lụa aliitikia kutoka jikoni.

"Mama, na sahani nyingine!"

Nhài akainuka.

"Waenda wapi tena?" Khoản aliuliza.

"Kumsaidia. Nyie mnakula kama mmetoka kifungoni."

"Haya. Lakini umekaa, umekula. Usije ukasema sikutimiza ahadi."

Jikoni, Bibi Lụa aliichoma kwa ujiti bánh cuốn nzima iliyotoka tu chunguni.

"Loo, hii nayo imechanika," alisema, akampa Nhài mkononi. Kisha akachoma nyingine, ya kwake. Wakala wamechuchumaa, bega kwa bega, mvuke ukiwalowesha nywele.

Sebuleni Khoản alisimama kuhutubia, machozi yakimlengalenga. Alisema mama yao aliwalea bila kulalamika hata siku moja. Alisema si haki mtu wa umri ule, tena marehemu, ateseke kumsubiri mwenzake kwenye chungu kimoja. Kwa hiyo mwakani atanunua cha pili, ili kila mmoja awe na chake. Ndugu zake walipiga makofi, na Bính alisema kweli, mama ni mama.

"Umesikia, Mama?" Khoản aliita.

"Nimesikia, mwanangu," Bibi Lụa alijibu, akikoroga uji. "Nani bado hajashiba?"